Jinsi ya kukata rufaa Marekani hataza inapokataliwa kwa kuwa "dhahiri"

Ombi la hataza (haki ya kipekee ya uvumbuzi) likikataliwa mara mbili kwa Kifungu cha 103 cha sheria ya hataza, yaani mkaguzi wa USPTO, ofisi ya hataza ya Marekani, anasema uvumbuzi wako ni dhahiri kwa fundi wa kawaida, una haki ya kwenda Bodi ya Rufaa, PTAB.

Kwanza kamilisha ushahidi. Viapo vya wataalamu na matokeo ya majaribio viingie kwenye jalada kabla ya notisi ya rufaa. Baada ya hapo ni vigumu mno kupokelewa. Notisi yenyewe kwa kawaida ina miezi 3 tangu barua ya kukataliwa. Kwa kulipa ada unaweza kuongezewa muda, mwisho miezi 6.

Ukishaiwasilisha una miezi 2 ya kuandika hoja, na kesi inashinda au kufia hapa. Tuseme sensa ya picha ya kamera yako ina kichujio cha Bayer, kilichopewa hataza mwaka 1976: kila pikseli hupima rangi moja tu, nusu zikiwa za kijani, robo nyekundu, robo buluu. Wewe unadai kuhifadhi thamani hizo mbichi na kujaza rangi zilizokosekana baadaye, hivyo kumbukumbu inabeba thamani moja kwa pikseli badala ya tatu. Mkaguzi anaunganisha hati mbili zilizotangulia uvumbuzi wako, moja ya sensa na nyingine ya kumbukumbu ya kamera, akisema pamoja zinaufanya uwe dhahiri. Usipoteze kurasa ukisifu uvumbuzi wako, wala usishambulie hati moja moja. Mbane kwenye sababu ya kuziunganisha. Kama hati ya pili hujaza rangi kwanza kwa kuwa mfinyazo wake wa picha (kupunguza ukubwa wa data) unazihitaji zote tatu, taja ukurasa na mstari, kisha onyesha kwamba kugeuza mpangilio kungeharibu kazi yake. Tangu kesi ya KSR v. Teleflex, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2007, si lazima sababu iwe imeandikwa ndani ya hati, lakini mkaguzi bado anatakiwa kuieleza.

Dai (kila kipengele cha ombi kinachoeleza unachotaka kilindwe) unalotaka lipimwe peke yake lipe kichwa chake katika hoja. Hoja usiyoiandika huhesabiwa umeiacha.

Mkaguzi akishajibu, una miezi 2 ya kulipa ada ya kupeleka jalada kwenye Bodi, kujibu, na kuomba kusikilizwa ana kwa ana. Usipolipa, rufaa inafutwa.

Jopo la majaji watatu likikukatalia, omba lipitie upya uamuzi ndani ya miezi 2, au nenda Mahakama ya Rufaa ya Federal Circuit, Washington, ndani ya siku 63. Huko watasoma jalada lile lile.