Kushona shuka la viraka kwa satini, velveti na vile vitambaa visumbufu

Jamani huku Mtwara harusi zikipita fundi anabaki na mifuko ya makatakata, satini, velveti, organza, usitupe! Kwanza jua umeshika nini: chomoa nyuzi mbili tatu uziwashe kwa kiberiti nje, pamba inaungua kama karatasi inaacha jivu laini, poliesta inayeyuka inajikunja inabaki kidonge kigumu cheusi (usikiguse kikiwa cha moto, mie nina kovu).

Kama ni ya kuyeyuka basi pasi moto mdogo na utandike kipande cha khanga kuukuu juu, pasi ya mkaa achana nayo, moto wake haupimiki. Satini inateleza balaa, ibandike nyuma kile kitambaa chepesi cha gundi, jaribu pembeni kwanza, ndo ukate. Sindano mpya namba 11, na pini zikae ndani ya nafasi ya mshono tu (ule ukingo unaofichika ndani) maana kila tundu linabaki linaonekana. Organza wekea karatasi nyembamba chini, shona, halafu hiyo karatasi uichane utoe. Velveti manyoya yote yaangalie upande mmoja, la sivyo utadhani umechanganya rangi mbili.

Upande wa chini wa shuka weka kitambaa cha pamba tupu, joto la huku poliesta pande zote mbili utalala unaogelea jasho.

Sisi washonaji tunagawana hayo makatakata, mwenzetu mmoja yuko Masasi, tunatumiana kwa basi. Kila furushi andika limeshafuliwa au bado, na kwenye kile kiberiti nyuzi zake ziliyeyuka au zilitoa jivu. Vipande vidogo kuliko kiganja baki navyo mwenyewe bwana.