Kutengeneza fonti nene ya mviringo kwa mkono: kutoka maka hadi faili ya fonti (OTF)

Fonti ya aina hii huwekwa kwenye jalada la kitabu cha watoto, lebo ya aiskrimu, bango la chekechea. Programu mbili za bure zinatosha: Inkscape (ya kuchora) na FontForge (ya kuunda fonti).

1. Chora kwa maka yenye ncha ya duara kwenye karatasi nyeupe. Piga kwanza mistari ya penseli: msingi, kimo cha herufi ndogo (sm 3) na cha herufi kubwa (sm 4). Anza na n, o, a na h, maana herufi nyingine nyingi huzaliwa humo. Halafu chora a ya pili, tumbo lake limejaa kidogo au mguu umelala. Kiswahili kinairudia a mno. Andika "darasa" kwa a moja uone zilivyopangana kama zimegongwa mhuri. Hapo hakuna atakayeamini fonti ilichorwa kwa mkono.

2. Skani kwa dpi 600. Kwenye Inkscape, kila herufi iwe na ukurasa wake wa pikseli 1000 × 1000, mstari wa msingi ukiwa pikseli 200 kutoka chini. Ukurasa ukikatwa kufuata ukubwa wa herufi, FontForge huivuta, na a inakuwa ndefu kama h. Tumia Trace Bitmap (hugeuza picha kuwa mistari yenye nukta), kisha punguza nukta kwa Ctrl+L. Herufi o inahitaji nukta nne nje na nne ndani, basi. Zikizidi, mviringo huota vibonde, na kwenye bango kila mtu ataviona.

(Unaweza pia kuchora mstari mwembamba na kuunenepesha kwa ncha za duara. Hutoka safi, ila hauna uhai.)

3. Shusha o chini ya msingi kwa yuniti 10 hivi (hapa yuniti moja ni pikseli moja), la sivyo itaonekana fupi. Kwa kuwa hapa ncha zote ni za duara, miguu ya n na h nayo ishuke yuniti 5.

4. Ingiza faili za SVG (michoro ya Inkscape) kwenye FontForge, kisha chagua Remove Overlap, halafu Correct Direction. Ukiruka ya kwanza, mashine ya stika itakata pale mistari inapopishana. Ukiruka ya pili, matundu ya a na o yanaweza kuzibika.

5. Anza na nafasi ya yuniti 60 kila upande wa n, na 40 kwa o. Kisha rekebisha nafasi kati ya herufi za jozi: wa, va, ya, ta. Kwa Wa, Ya na Ta jaribu −50. Ritifaa chora zote mbili, iliyonyooka (') na iliyopinda (’), kwa sababu Word hubadilisha ya kwanza kuwa ya pili. Ukisahau, "ng'ombe" atapata ritifaa ya fonti nyingine.

6. Ili a zipokezane zenyewe, ipe ile ya pili jina a.2, kisha andika haya kwenye faili ya .fea (maandishi ya kanuni za fonti) na kuiingiza kwenye FontForge:

@kons = [b c d f g h j k l m n p r s t v w y z];
feature calt {
sub a @kons a' by a.2;
sub a @kons @kons a' by a.2;
} calt;

Kanuni ya pili ni ya maneno kama "kamba". Kwenye Word, mbadala hizi huwashwa kwanza katika mipangilio ya juu ya fonti.

7. Toa OTF, chapisha kwa pointi 14, 24 na 72. Matundu ya a na e yakizibika kwenye 14, usishangae: iache fonti hii kwenye vichwa, maelezo yaandike kwa fonti ya kawaida.