Ndizi na sukari ya damu: angalia ganda kabla ya jina

Kwa anayeishi na kisukari, swali la "ndizi ya aina gani?" lina maana, lakini kiwango cha kuiva kina uzito zaidi. Ndizi ambayo bado ina ukijani imejaa wanga sugu, ule ambao utumbo mwembamba hauumeng'enyi kirahisi, kwa hiyo sukari hupanda polepole. Kadiri ganda linavyogeuka manjano na kuanza madoa meusi, wanga huo hugeuka sukari. Ndizi ni ileile, ila mwili unaipokea tofauti.

Aina inaingia hapa: ukubwa na kiasi cha wanga. Gramu 100 za ndizi mbivu ya kawaida zina takriban gramu 23 za wanga (ukijumlisha na sukari), na mkono wa tembo una zaidi, karibu gramu 32. Zile ndogo tamu huonekana hatari kwa sababu ya utamu wake, kumbe moja tu inaweza kuwa na wanga mdogo kuliko ndizi moja kubwa isiyo tamu sana. Tatizo ni kwamba hakuna anayekula moja.

Ukiila na karanga chache, sukari itapanda taratibu zaidi. Isipokuwa sukari imeshuka ghafla: hapo ndizi mbichi au karanga zitakuchelewesha, tumia juisi au glukosi.

Pima sukari kabla ya kula, kisha tena zikipita saa mbili tangu ule. Miili haifanani, na kipimo chako ndicho kitakachokuambia ndizi ipi inakufaa.