Kupamba Darasa la Awali kwa Mandhari ya Ziwa na Vilima vya Kigoma

Mwalimu wa darasa la awali mkoani Kigoma hana sababu ya kubandika ukutani picha za matofaa na theluji, ilhali watoto wake hupita kando ya ziwa na chini ya michikichi kila asubuhi. Kazi hii naifanya wakati wa likizo ya Juni, kwa kuwa kiangazi hukausha rangi na majani upesi, na karatasi hazibanduki kwa unyevu.

Hatua ya kwanza ni kukaa kwenye mkeka, mahali wanapokaa watoto, na kuzitazama kuta kutoka kimo chao. Piga mstari wa mkaa kiasi cha mita 1 kutoka sakafuni. Kila kitu ambacho mtoto atakihesabu, atakigusa au atakisoma kikae chini ya mstari huo au karibu nao. Kisha chagua ukuta mmoja tu wa mandhari, usio na madirisha wala ubao, kwa sababu darasa lililojaa mapambo pande zote huwachosha watoto macho.

Hatua ya pili ni kuupaka ukuta huo rangi. Koroga buluu ya kufulia nguo katika chokaa, uipake iliyokolea zaidi karibu na sakafu na iliyo hafifu kuelekea kwenye mstari, kwa kuwa Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi na duniani linazidiwa na Ziwa Baikal la Urusi pekee. Kazi ya chokaa ifanywe na mtu mzima, watoto wakiwa hawapo, kwani huunguza macho. Juu ya mstari chora vilima kwa udongo mwekundu uliochekechwa na kulowekwa. Niliwahi kujaribu mawese ili nipate rangi ya machungwa, nikaambulia madoa ya mafuta yaliyokaa mwaka mzima.

Hatua ya tatu waachie watoto. Wape maboksi yaliyokatwa wachore migebuka na dagaa: migebuka iwe mirefu na michache, dagaa wawe wadogo na wapangwe katika makundi ya 5 na ya 10, ili ukuta huohuo ufundishie kuhesabu na kulinganisha ukubwa. Juu kwenye vilima wekeni sokwe wa Hifadhi ya Gombe, ambao Jane Goodall alianza kuwatafiti mwaka 1960, na hakikisha hawana mkia. Picha nyingi za dukani huwachanganya na tumbili, na mtoto akishalishika kosa hilo ni vigumu kulitoa.

Gundi pika mwenyewe: vuruga vijiko viwili vya unga wa muhogo katika maji baridi nusu kikombe, mimina maji yanayochemka huku ukikoroga hadi uji ung'ae, kisha uache upoe. Paka kidogo, kwa sababu panya na mende huupenda.

Hatua ya nne, ambayo ndiyo yenye kuhitaji uangalifu mkubwa, ni kona ya vitu halisi. Makuti ya mchikichi yaanikwe kivulini ili yasijikunje. Magamba ya konokono okota yaliyotupwa ufukweni tu, usiyatoe majini, maana wapo samaki wadogo wa ziwa hili wanaoishi na kutaga ndani yake. Mbegu za nyonyo na za mbono kaburi zisiingie darasani kabisa, hata zikipendeza namna gani, kwa kuwa ni sumu. Mise (kokwa za mchikichi), kokoto na vitu vingine vidogo vinavyoweza kumkaba mtoto vitiwe katika chupa angavu za plastiki, na vifuniko vigandishwe kwa gundi ya dukani, si ya muhogo.

Majani mabichi yaning'inizwe kwenye kamba ya katani, mbali na madirisha ili yasizuie mwanga, na kila Ijumaa watoto wayaondoe yaliyonyauka, wakileta mengine Jumatatu.