Ukienda Bulabo, hesabu siku kutoka Pasaka

Wengi hupanga safari ya Mwanza kwa kuulizia "ile ngoma ya Wasukuma ya Juni", wakifika wanakuta imekwisha. Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma huko Bujora karibu na Mwanza, imefungamana na sikukuu ya Kikatoliki ya Ekaristi, na sikukuu hiyo huhama na Pasaka. Chukua kalenda, hesabu siku 60 baada ya Jumapili ya Pasaka (Jumatatu yake ndiyo siku ya kwanza), utapata Alhamisi ya Ekaristi. Zungukia hapo, kisha thibitisha na makumbusho ya Bujora kabla ya kukata tiketi.

Kufika ni rahisi: daladala za Kisesa kwa barabara ya Musoma, halafu bodaboda. Lala mjini.

Sasa jambo ambalo wageni hawaambiwi. Bagika na Bagalu, makundi mawili hasimu ya ngoma ya Wasukuma, wanaposhindana, kila upande hucheza kwa wakati mmoja, na kwa desturi anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Kwa hiyo wewe mtazamaji ndiye kura! Ndiyo maana utaona nyoka wakitolewa, majembe yakirushwa juu kwenye bugobogobo (ngoma ya majembe), vituko vya kila aina, wanakuita wewe. Usigande sehemu moja na simu mkononi. Tembea, linganisha, kisha simama kwa waliokugusa kweli. Mimi napenda kusogea karibu na wapiga ngoma, maana pale mdundo unausikia kifuani.

Vaa viatu vya kufunika vidole, vumbi la kiangazi ni jingi. Beba kofia na maji. Na kabla ya kumpiga mchezaji picha ya karibu, mwombe kwanza. "Mwangaluka", salamu ya Kisukuma ya asubuhi, hufungua mlango.