Kuiandaa na Kuilinda Darubini Ndogo kwa Matumizi ya Kando ya Ziwa Victoria

Darubini inayozungumziwa hapa ni ile ndogo ya jicho moja, yenye lenzi ya mbele ya milimita 50 hadi 65, inayoingia kwenye mkoba wa begani na kusimama juu ya stendi ya miguu mitatu. Watazamaji wa ndege huipenda kwa sababu hukuza zaidi ya darubini ya macho mawili, na hapa Mwanza ukuzaji huo haukosi kazi: furukombe ametua juu ya jiwe upande wa kisiwa cha Saanane, wanandi wameanika mabawa, mdiria anatetemeka hewani kabla ya kujirusha majini. Hata hivyo, kiwanda hakikuitengeneza kwa kufikiria mawe yanayochoma mchana, upepo wa ziwani wala wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka majini kama moshi, na ndiyo sababu darubini inahitaji kuandaliwa kabla ya kutolewa nje.

Kwanza soma maelezo ya kiwandani ujue kama darubini yako imezibwa. Iliyozibwa vizuri ina pete za mpira kwenye maungio na imejazwa gesi ya naitrojeni, kwa hiyo ukungu haujengeki upande wa ndani wa lenzi. Alama ya IPX7 humaanisha kwamba chombo kinastahimili kuzamishwa kwenye maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30, ilhali IPX4 ni ya kustahimili maji ya kurushiwa tu. Ukishalijua hilo, utajua pia usichopaswa kufanya: usitoboe tundu, usilegeze skrubu yoyote ya mwili, wala usimkabidhi fundi wa simu aifungue ili “aisafishe kidogo”, maana gesi ikishatoka hairudishwi kwa bisibisi. Kila badiliko linaloelezwa hapa ni la kuvalisha juu, na linaweza kuvuliwa.

Badiliko la kwanza ni kava. Nyenzo bora ni ule mpira laini wenye kitambaa pande zote mbili, unaotumika kushonea mifuko ya kompyuta mpakato. Mfuko mkuukuu wa namna hiyo hupatikana kwenye mitumba kwa bei ndogo, na mmoja unatosha. Zungusha futi ya fundi kwenye mwili wa darubini, kisha punguza sentimita 1 kwenye kipimo ulichopata, ili kava libane kwa kuvutika kwake na lisizunguke unapogeuza pete ya kulengea, yaani ile inayoifanya picha iwe wazi. Nilipompelekea fundi cherehani kipande changu cha kwanza, alikigeuza mara mbili mkononi akauliza, “Kaka, hii ni soksi ya mguu wa nani?” Aliuliza kwa utani, lakini alikuwa amegusa kosa lenyewe. Kava lililoshonwa kama soksi, lisilo na nafasi ya kutokezea mguu wa stendi, pete ya kulengea na lenzi ya jicho, hulazimika kuvuliwa kila mara, na kava la kuvuliwa kila mara huishia kuachwa nyumbani.

Kwa hiyo mwambie fundi akate vipande vitatu: kimoja cha mwili, chenye mlango wa velkro upande wa chini, na viwili vidogo vya kufunika lenzi ya mbele na ya jicho. Vifuniko hivyo viwili vifungwe kwenye kava kwa utepe uliokatwa kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, ili vikivuliwa vining'inie badala ya kudondoka katikati ya mawe, mahali ambapo hakuna mkono utakaovifikia. Kipande kingine cha tyubu hiyohiyo, chenye upana wa kidole kimoja, ukikivalisha kwenye pete ya kulengea kitakupa mshiko mzuri hata vidole vikiwa na maji.

Kuhusu rangi, chagua kijivu cha mawe au kahawia ya udongo, na uepuke kitambaa cha mabaka ya kijeshi hata kama kinapendeza. Sheria ya Tanzania inamkataza raia kuvaa sare za jeshi. Darubini si mwili wa mtu, ni kweli, lakini mtu anayechungulia mbali kwa chombo chenye mabaka, tena katika mji wenye bandari na uwanja wa ndege, anajitafutia maswali yasiyo ya lazima.

Kikofia cha jua, yaani ukingo unaorefusha mdomo wa darubini ili kuikinga lenzi na mwanga wa pembeni, kinastahili uangalifu zaidi kuliko watu wanavyokipa. Sehemu kubwa ya jiji imekaa upande wa mashariki wa Ghuba ya Mwanza, na hivyo anayetazama ziwa akiwa Capri Point au Kirumba huwa na jua nyuma yake asubuhi, kisha jioni humulikwa usoni, moja kwa moja na kwa mng'ao wa maji. Kama kikofia cha kiwandani ni kifupi, tengeneza kingine kwa mkeka wa sponji wa mazoezi: kata ukanda wa sentimita 10, uviringe kwenye mdomo wa darubini, ubandike kwa velkro, na upande wa ndani upake rangi nyeusi isiyong'aa. Kikofia hiki huzuia pia matone ya mvua na alama za vidole. Lakini hakimlindi mtu anayeelekeza darubini kwenye jua lenyewe. Jambo hilo lisifanywe kamwe, hata kwa sekunde moja na hata jua likiwa jekundu linazama, kwa kuwa jicho huweza kuungua bila maumivu yoyote ya kumwonya mwenyewe.

Tatizo linalomkera kila anayeanza ni kumpata ndege. Unamwona kwa macho, unainama kwenye darubini, na unachokiona ni maji matupu. Dawa yake ni ile kamba ya plastiki ya kujibana ambayo mafundi umeme hufungia nyaya. Ifunge juu ya kava karibu na mdomo wa darubini, mkia wake ukisimama wima. Kisha elekeza darubini kwenye kitu cha mbali kisichotembea, kwa mfano ncha ya Jiwe la Bismarck, uhakikishe kimekaa katikati ya picha. Bila kuigusa darubini, inua kichwa uchungulie juu ya mwili wake, uzungushe kamba na kuukata mkia kidogokidogo mpaka ncha yake igusane na kitu hichohicho. Tangu hapo utalenga kwa mkia kwanza, kisha utaweka jicho. Sijaona kifaa cha dukani kinachoishinda kamba hiyo.

Weka pia nukta ya rangi ya kucha kwenye pete ya ukuzaji, mahali penye mara 20. Upana wa mwanga unaoingia jichoni hupatikana kwa kugawa kipenyo cha lenzi kwa ukuzaji: lenzi ya milimita 50 kwa mara 20 hutoa milimita 2.5, ambazo zinatosha, lakini kwa mara 40 hutoa milimita 1.25 tu na picha hufifia. Isitoshe, jua likishayapasha mawe joto, kwa kawaida kuanzia saa nne asubuhi, hewa hucheza na mazigazi hukuzwa pamoja na ndege. Ukiivuka nukta saa sita mchana, unakuza mtetemeko.

Stendi nyepesi huyumba upepo wa ziwani unapoanza mchana, kwa hiyo tundika mfuko wa mawe chini yake. Penye majabali yasiyo na tambarare ni heri kifuko cha kuegemezea darubini. Changu cha kwanza nilikijaza maharage. Kilinyeshewa, nikakisahau nyuma ya mlango, na siku chache baadaye kilikuwa kimeota. Sasa natumia maganda ya mpunga yaliyochanganywa na mchanga kidogo, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri.

Sasa tuje kwenye wadudu. Mawingu yale yanayoonekana ziwani kama nguzo za moshi, hasa siku zinazokaribiana na mwezi mwandamo, ni ya wadudu wasiouma, lakini miili yao ni laini na ikipondwa huacha utandu wa mafuta. Jioni moja walijaa kwenye lenzi ya mbele nikawapangusa kwa pindo la shati. Shati lilikuwa na vumbi la mawe, na mikwaruzo miwili ya siku ile ipo mpaka leo. Utaratibu sahihi ni kufunika lenzi mara tu wingu linapokaribia. Wakikuwahi, waache wakauke, kisha wapulize kwa kipulizio cha mpira, si kwa mdomo, kwani mate huacha madoa. Kinachobaki kiondoe kwa brashi laini ukiwa umeielekeza lenzi chini. Mwisho kabisa, tia tone la dawa ya lenzi kwenye kitambaa cha miwani, si juu ya lenzi, ufute kwa mizunguko kutoka katikati kwenda ukingoni. Petroli na mafuta ya taa yasikaribie kabisa, kwa sababu huharibu mpira na utando wa lenzi.

Kwenye mtumbwi au boti, darubini iwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, na mfuko ufungwe kwenye chupa tupu ya plastiki ya lita 5 iliyozibwa. Afadhali ulijaribu boya hilo nyumbani kwenye beseni, ukitumia mfuko wenye uzito ule ule. Maji ya ziwa hayana chumvi kama ya Tanga au Dar es Salaam, kwa hiyo kutu haiji haraka, ila yana matope na mwani unaoganda. Mwili uliozibwa, ukilowa, usuuzwe kwa maji safi kabla haujakauka.

Adui wa kudumu ni ukungu unaoota juu ya lenzi, kwani hupenda giza na unyevu, na ndani ya mkoba uliofungwa wakati wa masika huvipata vyote viwili. Ukirudi nyumbani, vua kava, anika kila kitu kivulini penye hewa usiku kucha, na asubuhi ndipo uiweke darubini kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, pamoja na vijipakiti vya kunyonya unyevu kama vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Usitumie mchele kama watu wanavyofanya kwa simu zilizolowa, kwa sababu vumbi lake huingia kwenye pete ya kulengea. Kama unatumia chembe za kunyonya unyevu zinazobadilika rangi, zikishajaa maji zikaushwe kwenye oveni kwa nyuzi 120 za Selsiasi kwa saa mbili hivi; vijipakiti vya karatasi vibadilishwe tu. Kava lirudishwe siku ya kutoka, likiwa kavu hadi ndani ya mishono.