Kabla mtoto hajaandika insha ya kusi na kaskazi

Mwalimu akiandika ubaoni "Linganisha majira mawili ya mwaka", watoto wengi hapa Tanga hukimbilia theluji. Wameisoma kitabuni, basi. Kwa hiyo kabla hata ya kuchonga penseli, mtoto achague majira yaliyompitia mwenyewe. Kusi na kaskazi, majira ya pepo mbili za pwani yetu, zinatosha, tena zina mengi.

Swali lisomwe mara mbili. "Tofautisha" inataka tofauti. "Linganisha" inataka na kufanana pia.

Aangalie asichanganye mafungu. Kusi na kaskazi ni pepo, masika na vuli ni mvua. Anayelinganisha kusi na masika atakwama, maana masika ya Machi hadi Mei huisha kusi ikiwa imeshaanza kuvuma: atakuwa analinganisha kitu na kipande chake. Na asinakili kiangazi cha Ulaya. Sisi tuko kusini mwa ikweta. Wao Julai wanatoka jasho, huku ni kipupwe.

Kazi yenyewe iko kwenye vigezo. Vitatu vinatosha ukurasa mmoja: upepo, joto, bahari. Kila kigezo kiulizwe pande zote mbili. Akisema Januari kaskazi hutoka kaskazini-mashariki na usiku shuka hulowa jasho, aseme na Julai: kusi hutoka kusini-mashariki, na asubuhi maji ya kuoga yanauma. Akisema kaskazi kuna maembe, halafu kusi bahari huchafuka, hajalinganisha kitu. Ametaja maembe na bahari. Alama nyingi hupotelea hapa, nami hapa ndipo ningekaa na mwanangu jioni nzima, nikimchorea safu mbili daftarini mpaka zijae sawasawa.

Safu ya bahari ikibaki tupu, mpeleke soko la samaki Deep Sea. Amwamkie mzee mmoja, "Shikamoo babu, kusi ikivuma sana mnavua wapi?", kisha anyamaze aandike. Sentensi moja ya mvuvi juu ya ngalawa na mawimbi ina uzito kuliko aya nzima ya "hali ya hewa hubadilika".

Viunganishi avikumbuke: ilhali, kinyume chake, vilevile.

Asipopata pa kuanzia, aanzie katikati ya majira hayo mawili, wakati wa maleleji, upepo usipojua uende wapi. Mabaharia wa zamani waliuita pia tanga mbili. Tanga la jahazi hilo, si mji wetu, ila mwalimu akilikuta mstari wa kwanza huenda akatabasamu.